Kiganja Ubavuni mwa Gari la Jirani

Tangu jirani alete lile gari jipya la familia, fundi wa kunyoosha bodi za magari roho inamuuma. Kila jioni husimama getini na kikombe chake cha chai, akilitoa kasoro. "Taa gani nyembamba hivi, gari linasinzia? Na hilo domo la mbele! Toleo la zamani lilikuwa na sura ya heshima. Hili wamelichora wakiwa na njaa." Mkewe anajua kwamba gari lao wenyewe, ambalo mumewe kalipaka rangi weee mpaka kachoka, mlango wake wa pembeni haufunguki bila kubembelezwa.

Leo jirani kaliacha gari nje. Fundi akaweka kikombe juu ya ukuta, akavuka hadi lilipo, akafumba macho kama afanyavyo kazini anapotafuta palipobonyea, akapitisha kiganja ubavuni, polepole, toka taa ya mbele hadi ya nyuma. Akarudia. Akarudia tena. Chai ikapoa. Mke wa jirani akatokea mlangoni.

"Vipi shemeji, umeona kasoro?"

Fundi hakufumbua macho, wala mkono hakuuondoa.

"Bado naitafuta."