Bata wa Mpira Mkononi mwa Jeltsje

Mkono wa kulia wa Jeltsje Hoekema ulikamua ng'ombe tangu utotoni, katika zizi la baba yake karibu na Dokkum, kaskazini mwa Uholanzi, na haukuwahi kumwangusha. Ulimwangusha mwezi Machi akiwa na miaka sabini na minane. Alikuwa akimimina kahawa, birika likamponyoka, na alipotaka kumwita jirani, maneno yakakataa kutoka. Robo saa baadaye yalirejea moja moja, kama ng'ombe wanaorudi zizini. Mshipa wa shingo, upande wa kushoto, ulikuwa umejaa uchafu. Ukiachwa bila kupasuliwa na kusafishwa, madaktari walimwambia, maneno yataondoka yasirudi.

"Mnikate shingo niko macho?"

"Nitaufunga mshipa kwa nusu saa," alisema mpasuaji, Dokta Cremers, mtu wa Limburg, kusini kabisa. "Ukilala, nani ataniambia kama ubongo unapata damu?"

Wakamtia bata wa mpira mkononi, wa kuogeshea watoto. Akiambiwa minya, aminye. Bata akilia, salama. Akinyamaza, watatia mrija wa kupitishia damu, na mrija wenyewe huweza kusukuma uchafu hadi kichwani.

Daktari wa ganzi, kijana aitwaye Wiebren, alimpaka shingoni mafuta ya baridi, akaweka kifaa cha ultrasaundi, macho kwenye skrini ambako sindano ilionekana ikipenya kama uzi mweupe.

"Wewe mtoto wa nani?" Jeltsje aliuliza kwa Kifrisia, lugha ya kwao, maana huko hakuna anayeguswa na asiyejulikana.

"Wa Postma, mama. Fundi wa matrekta, Holwerd."

"Yule! Alitutengenezea trekta Jumatatu, Jumanne likafa."

"Ndiyo maana mimi nikachagua watu. Usicheke, mama, sindano imo ndani." Kisha, taratibu: "Sauti itakwaruza. Ni ganzi hiyo, si ugonjwa."

Wakamfunika shuka. Chini yake mwanga ulikuwa wa kijani, na pumzi yake ilimrudia usoni.

"Naufunga," alisema Cremers. "Minya."

Kwi!

"Taja miezi."

"Januari, Februari, Machi…" Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee asiyemjua. Akasahau alivyoonywa. *Yanaondoka*, aliwaza. Baada ya Machi alikuta shimo. Hofu ilifagia Kiholanzi chote, akashika kilichokuwa karibu, kilichoingia kichwani mwake kabla ya shule: "Swartkop. Wytfoet. Bontsje…"

"Minya!"

Vidole vilikuwa vimeganda.

"Anabwabwaja," alisema Cremers. "Maneno yamekwenda. Leteni mrija."

Jeltsje alisikia. Alitaka kusema *bado nipo*, asijue kwa lugha gani.

Shuka likainuliwa pembeni, uso wa Wiebren ukaingia.

"Dokta, ngoja kidogo. Habwabwaji. Hayo ni majina ya ng'ombe, kwa Kifrisia."

"Una hakika? Sina dakika za kuchezea."

Wiebren akamwinamia. "Mama, baada ya Bontsje, nani?"

Mashine ya mapigo ya moyo ililia mara tatu, mara nne.

"Alde Griet," ilikwaruza sauti. "Ana teke, huyo."

"Mkamue basi. Taratibu, asikupige."

Mkono ukakumbuka kazi yake. Kwi. Kwi. Juu ya shuka mtu alishusha pumzi, na mrija ukarudishwa kwenye sinia.

"Wako wangapi?" aliuliza Cremers.

"Kumi na wanane."

"Basi wakamue wote. Halafu uanze upya."

Aliwakamua kutoka mlangoni mwa zizi hadi ukutani, na kila baada ya jina aliviziwa na shimo lile lile: kama linalofuata halitakuwepo? Aliwamaliza, akaanza tena. Alikuwa amemfikia Alde Griet kwa mara ya tatu koleo lililobana mshipa lilipofunguliwa.

"Imekwisha, mama," alisema Wiebren. "Mwachilie bata."

Hakumwachilia. Walimsukuma ukumbini, taa zikipita juu yake, na bata akaendelea kulia, maana Jeltsje alikuwa bado hajathubutu kusikia kimya.