Kumtoa Dume Kwanza

Samaki wa mawe hapigani kwa njaa. Wateja wangu nimewaambia hilo mpaka mdomo umekauka. Wanakaa kwenye benchi wakisubiri nimalize kupunguza sketi, macho yote kwenye tanki langu la kioo, dume anamfukuza mwenzake kona hadi kona, halafu mmoja anajitia huruma: "Mama, si uwape chakula, wanagombana na njaa hao." Njaa ya wapi! Nikimpa chakula ndiyo kwanza anapata nguvu ya kupiga. Dume anagombea mawe. Akishajua pango lake liko wapi, na njia ya kutokea iko wapi, basi maji yote ni yake, na kila anayepita mbele yake amekosa.

Aliyeniletea ni kaka yangu, kutoka Kasanga kule ziwani, kwenye ndoo yenye mfuniko. Alisema watanichangamsha, maana nilikuwa mjane nisiye na wa kugombana naye ila cherehani. Nikajifunza kidogo kidogo. Baridi yetu ya Sumbawanga si ya mchezo, bila hita ndani ya maji wanajilaza chini na kukataa kula. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikazima, nachota maji kwa kikombe na kuyamimina juu juu, nachota na kumimina, mpaka mkono unakufa ganzi. Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni dume mwenye mkanda wa njano. Walikuja wengi, yeye akawapunguza.

Mara ya kwanza nilifanya anavyofanya kila mtu. Nilimwona jike mmoja amechanika mapezi, nikamtoa, nikamweka kwenye ndoo peke yake mpaka akapona vizuri kabisa. Nikamrudisha. Jamani! Sikuwahi hata kufuta mkono. Alikuwa amekwishakuwa mgeni, hana jiwe, hana pa kujificha, na yule dume alimsubiri kabisa, akammaliza hapo hapo.

Ndipo nikajua kwamba anayetolewa si aliyepigwa. Anatolewa anayepiga. Unamweka yeye kwenye ndoo, akae siku kadhaa akitazama plastiki. Huku nyuma unahamisha mawe yote, la kushoto linakwenda kulia, mapango unayaziba na kufungua mengine, wale wanyonge wanachagua pa kukaa. Dume unamrudisha mwisho. Anaingia yeye ndiye mgeni, kichwa chini, hajui aanzie wapi. Nilijiona fundi kweli kweli. Kila aliyeingia kuleta kitambaa nilimsimulia, atake asitake.

Binti yangu alikuja na basi la mchana kutoka Mwimbi, bila begi. Ni mtoto wangu wa pekee. Alikuwa ameolewa kanisani, kwa sherehe, na mwanamume mpole wa maneno, mkulima, ambaye kijiji kizima kilikuwa kinanipongeza kwa kumpata. Akakaa kwenye benchi la wateja. Kilemba alikuwa amekivuta mpaka kimefunika sikio.

"Fungua," nikamwambia.

"Mama, nipe maji kwanza."

Nilimfungua mwenyewe. Sikio lilikuwa limevimba na kuwa jeusi, na huko nyuma nywele hazikuwepo, zimeng'olewa. Nilichukua mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa, nikatoka nao mpaka barabarani, sijui nilidhani nakwenda nao wapi, Mwimbi ni mbali. Majirani wakanirudisha. Tangu saa ile nilitaka kitu kimoja tu duniani, kwamba yule mtoto asiguswe tena.

Nilimwambia abaki kwangu. Hakutaka, na alikuwa na sababu. "Ile nyumba nimefyatua tofali zake kwa mikono hii," akasema. "Shamba nimelima mimi. Nikiondoka namwachia vyote, halafu mimi ndiyo nionekane nimeshindwa?" Akawa anakaa pale anatazama samaki kutwa nzima. Wateja wakiingia anavuta kilemba.

Basi kikaitwa kikao, hapo hapo sebuleni kwangu, katikati ya vitambaa vya watu. Upande wetu alikuja shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Upande wa pili alikuja baba yake mkwe wangu kutoka Msanzi, pamoja na mshenga aliyesimamia posa. Na mkwe mwenyewe. Wazee wakaongea kama kawaida yao. Ndoa ni uvumilivu, shetani alipita, binti arudi kwa mumewe, yaishe.

"Arudi wapi?" nikalipuka. "Arudi akamaliziwe sikio la pili?"

Nikawaonyesha tanki. Nikawaeleza habari ya dume, ndoo na mawe, mwanzo mpaka mwisho. Mshenga akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji," akasema mdogo wa marehemu, "watu si samaki." Lakini baba wa mkwe hakucheka. Alilitazama tanki kwa muda, akasema huyu mama ana hoja. Tukakubaliana hivi: mwanamume ndiye aondoke, akakae kwa baba yake Msanzi mpaka mvua za kupandia. Binti arudi kwanza, kwenye nyumba yake, nami nimsindikize. Mwanamume arudi mwisho, akiletwa na baba yake, na baba amkabidhi kwa mkewe mbele ya majirani.

Mkwe alipiga magoti kwenye sakafu yangu. "Nimekosa, mama. Mtakavyoniambia nitafanya." Hakubisha lolote, hakuuliza lolote. Alikuwa anasikiliza tu, anamtazama kila anayeongea. Wazee wakasema, mnaona, kijana ana adabu. Mimi adabu ile ilinitia baridi, ila ushindi ulikuwa wangu, nikainyamazia.

Kule Mwimbi nilihamisha kila kitu. Kitanda nilikitoa ukuta wa nyuma nikakiweka karibu na dirisha, ili mtu akilia asikike nje. Magunia ya mahindi yakatoka chumbani yakaenda sebuleni. Kitasa kikabadilishwa, funguo akapewa binti. Tulifanya kazi tukiimba, wallahi, na yeye akacheka kwa mara ya kwanza. Mwanamume aliporudi alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, akangoja afunguliwe. Niliporudi mjini nilisimulia jambo hilo kwa wateja wote.

Wiki zikapita, habari zikawa nzuri. "Mama, amebadilika, siku hizi anachota maji." "Mama, jana kaosha vyombo." Tankini pia amani. Dume nilikuwa nimemrudisha juzi juzi tu, nimemhamishia mawe upya, na hakumgusa mtu. Alikuwa anazunguka. Anakwenda kwenye jiwe hili, anasimama kwenye tundu lake, anatazama, anahamia lingine. Taratibu, moja baada ya moja, siku nzima. Mteja mmoja akasema ametulia huyo. Mimi nikadhani anakwangua ukoga wa kwenye mawe, ale.

Asubuhi moja, mvua ikinyesha, nilikuwa nashona na kuwatazama kwa jicho moja. Nikaona jike mmoja amejibana juu kabisa, nyuma ya hita, mdomo karibu utoke majini. Mkia wake ulikuwa nyuzi. Nikadondosha chakula. Hakushuka. Alingoja dume aende upande wa pili, akashuka haraka, akadaka punje moja, akarudi nyuma ya hita. Na yule dume hakuwa anafukuza wala kugombana. Alikuwa amekaa tu katikati, na kila tundu alikuwa anaweza kuliona.

Alikuwa anajifunza mawe, jamani. Siku zote zile.

Nikaacha kukanyaga cherehani. Nikazikumbuka simu za binti yangu. Kila alipopiga nilisikia upepo na kuku, hata siku ya mvua. Hakuwahi kupiga akiwa ndani. Na kila mara alikata katikati ya neno, "Basi mama, baadaye," na mimi nikidhani ni salio.

Nikapiga. Ilipokelewa upesi.

"Shikamoo, mama." Ni yeye, mkwe, kwa sauti yake ile nzuri.

"Marahaba. Mpe mwenzio simu."

"Amelala, mama."

Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa palizi. Ufipa yetu yote iko shambani, mpaka bibi wa miaka mingi yuko na jembe lake, wewe unaniambia mtu mzima amelala!

"Mwamshe."

"Amechoka, mama. Acha apumzike."

Sketi ya watu niliiacha chini ya sindano. Nilichukua bodaboda, mvua hivyo hivyo, tukateleza kwenye tope, nikawa namfokea kijana wa watu aongeze mwendo. Njia nzima watu walikuwa wameinama kwenye mahindi, kila shamba. Nilikuwa naomba Mungu nimwone mmoja amesimama, awe wangu. Sikumwona.

Mkwe alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi. "Karibu mama. Nikuwekee chai?"

Nilipita. Sebule ilikuwa tupu, magunia hayapo. Kila kitu nilichokihamisha kwa mikono yangu kilikuwa kimerudi mahali pake pa zamani. Mama mkwe haingii chumbani kwa mkwewe, hilo hata mtoto mdogo analijua. Niliingia. Kitanda kilikuwa ukuta wa nyuma. Binti yangu alikuwa kati ya magunia na ukuta, amejikunja, jicho moja limevimba mpaka limefumba, na aliponiona hakulia. Aliweka kidole mdomoni, ninyamaze.

Sikunyamaza. Nilimtukana yule mwanamume matusi ambayo sikujua ninayajua. Nikamwinua mwanangu, nikamfunga kitenge changu, nikatia nguo zake mbili tatu kwenye begi. Nilitaka anizuie, nilitamani kabisa ajaribu. Hakujaribu. Alitupisha mlangoni kwa heshima. Akalichukua lile begi mkononi mwangu, akalibeba mpaka barabarani, akalifunga vizuri kwenye pikipiki lisilowe. Kisha akasogea, akainama kidogo kama mkwe anavyotakiwa.

"Basi mtatuambia kikao ni lini, mama."