Mama Pindo na doa lililogoma kutoka

Saa mbili asubuhi, kibanda cha fundi Mama Pindo kimeshajaa mpaka mlangoni. Waliokuja na nguo ni wachache. Waliobaki wamekuja kuhesabu miguu.

"Miwili!" anatangaza muuza vifungo wa kibanda cha pili, ameinama bila haya. "Niliwaambia yote ipo, mkanibishia."

"Hesabu tena, shoga, usije ukapunjwa," anajibu Mama Pindo. Watu hoi kwa kicheko.

Anavua kandambili ya kulia taratibu. Kwenye wayo, karibu na kisigino, pana kiraka cha ngozi cha mviringo, kimekolea rangi kidogo kuliko ngozi iliyokizunguka. Leo ndiyo mara ya kwanza mguu huu unarudi kwenye kikanyagio cha cherehani tangu ulipopasuliwa miezi minne iliyopita. Mezani limelala gauni jeupe la harusi lenye mkono mmoja. Mkono wa pili ulikatwa, ukabanwa kwa pini, ukabaki hivyo.

Harusi ni Jumamosi.

Mwenye gauni anaitwa Rangi Mbili. Ni binti anayepita mitaani na kikapu chake akipaka watu kucha, na jina alilipata kwa sababu hajawahi kumaliza mkono wa mtu kwa rangi moja. Leo amejibanza ukutani. Mpakaji kucha wa mtaa mzima anatafuna kucha zake mwenyewe.

"Ungempa fundi mwingine ungeshavaa zamani," anamchokoza muuza vifungo.

"Ugonjwa wa mguu niuvumbue mimi, halafu gauni akashone mwingine? Bora niolewe na mkono mmoja!"

Na kweli, aliuvumbua yeye.

Mama Pindo ameshona kwa zaidi ya miaka ishirini, na miaka yote hiyo ameshona peku. "Kiatu kinakufanya kiziwi," anasema. "Mashine unaisikia kwa wayo. Uzi ukitaka kukatika, mguu unajua kabla ya jicho." Lakini cherehani inayokanyagwa hutiwa mafuta, na mafuta hudondoka. Nyayo za mafundi wa aina yake hazikosi weusi weusi, na wenyewe kwa wenyewe hutaniana kwamba fundi mwenye miguu safi hana kazi.

Kwa hiyo alipoona doa jeusi chini ya mguu, hakushtuka. Alifanya kile ambacho fundi nguo yeyote angefanya: alitafuta cha kulitolea.

"Mimi kwenye doa sina swali jingine," anaeleza, mikono hewani. "Linatoka kwa kitu gani? Basi."

Akaanza na mafuta ya taa. Halikutoka. Akaja limau na chumvi. Akasaga chaki yake ya kuchorea nguo, akaipaka, akavaa soksi, akalala nayo. "Chaki inanyonya mafuta kwenye hariri, itashindwaje kwenye mguu?" Ikashindwa. Mumewe, ambaye ni mwashi, alimletea brashi ya kung'olea saruji kwenye ndoo.

"Nilimwambia, mke wangu, likiishinda hii brashi, hilo doa lina hatimiliki," mume anasema, kisha anacheka kidogo tu. Hapendi kuikumbuka brashi ile.

Doa lenyewe halikuuma wala kuwasha, na ndiyo maana lilipewa muda. Lilianza dogo kama punje ya dengu. Mwaka ukapita, likafikia kifungo cha shati. Upande mmoja lilikuwa jeusi tii, upande mwingine kahawia, na ukingo wake umechakaa kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi butu.

Siku moja Rangi Mbili alikuja kumpaka kucha. Akauweka mguu mapajani, akachukua jiwe, akasugua. Halafu akaacha.

"Mama, hili doa nililisugua hata ile mara ya mwisho."

"Sugua tu mwanangu, mafuta ya cherehani hayo."

"Mama." Binti aliweka jiwe chini. "Mafuta hayakui. Hili limekua."

Mama Pindo anasema kibanda kilikuwa na watu watano, na wote waliinama kuutazama wayo. Akajaribu kulifanya mzaha, akanyoosha mguu tena. Rangi Mbili akafunga chupa zake, moja baada ya nyingine.

"Sikupaki. Nenda hospitali kwanza. Ukirudi nakupaka bure, hata na za vidole vya mikono."

"Kwa bure ya huyu mtoto," anasema fundi, "nikajua kuna jambo."

Mtaa nao haukukaa kimya. Kuna waliosema amekanyaga vya watu njia panda. Mama mkwe alitaka aende kwa mtu fulani anayejua mambo hayo. Mama Pindo akamjibu kwa adabu zote: "Mama, kama nimekanyaga vya watu, hospitali watavitoa."

Hospitali, daktari wa ngozi alilitazama doa kwa lenzi ndogo yenye taa. Akauliza limeanza lini, limebadilika vipi. Akamminya kwenye kinena kuona kama tezi zimevimba. Kisha akamchoma ganzi, akachukua kinyama kidogo kikapimwe maabara.

Majibu yalipotoka waliitwa wote wawili, yeye na mumewe. Saratani ya ngozi. Ile inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi, isiyo na mzaha ikishazama, lakini hii ilikuwa bado iko juu juu. Ilikuwa inaondoleka.

Mume aliuliza kwanza: "Atapona?"

Mke akadakia: "Nitashona?"

Daktari alijibu la mume kwanza, kwamba ikiondolewa mapema hivi matumaini ni makubwa. La mke akasema wataliona.

"Hapo ndipo nilipoogopa," Mama Pindo anakiri. "Mkono wa fundi wote wanausifia. Mguu nani anaukumbuka?"

Daktari huyo anasema saratani ya aina hii, kwa wenye ngozi nyeusi, hupenda kujitokeza mahali ambapo jua halipigi sana na watu hawapachunguzi: nyayo, viganja, chini ya kucha. "Wanakuja wamechelewa kwa sababu haiumi," anasema. "Doa jipya linalokua, linalobadilika rangi, lenye ukingo usioeleweka, lionyesheni. Msilisugue."

Siku ya upasuaji, daktari mpasuaji alishika kalamu akachora mstari kulizunguka doa. Kisha akachora wa pili, nje ya ule wa kwanza, kwa upana wa sentimita moja. Mama Pindo aliinua shingo kitandani.

"Daktari, hapo umeacha nafasi ya mshono?"

Mpasuaji akacheka mpaka barakoa ikatikisika. "Ndiyo, mama. Nikikata juu ya doa lenyewe, naweza kuacha uzi wake ndani."

"Na shimo utaliziba na nini?"

"Na ngozi ya paja lako."

"Ahaa," akasema, moyo ukamtulia kidogo. "Kiraka unakitoa kwenye nguo ileile, mahali pasipoonekana. Mimi hukitoa kwenye pindo. Endelea, baba."

Kilichokatwa kilipelekwa maabara kuangalia kama kingo zake zimesalimika. Siku za kusubiri alizikaa nyumbani mguu juu ya mto, amri ya daktari asikanyage chini, huku mtaani habari zikivimba kama andazi. Mara wamekata kidole. Mara wamekata mguu. Aliyefika kumjulia hali alianza kwa kukagua shuka.

Simu ya hospitali iliita wakati nyumba imejaa wageni, na yeye, kwa kuwa ni yeye, akaiweka sauti ya juu wote wasikie.

"Mama Pindo," sauti ya mpasuaji ikasema, "mapindo yote safi. Hakuna kilichobaki."

Muuza vifungo alipiga kigelegele mpaka mtoto wa jirani akaamka analia. Mume alitoka nje, akasimama karibu na tenki la maji, akawa kama anakagua ufa ambao haukuwepo.

Na sasa ni leo. Daktari ameruhusu: kidogo kidogo, na pawe na kitu laini. Mama Pindo ameshona kijigodoro cha sponji na kukifunga juu ya kikanyagio. Anaingiza mkono wa gauni chini ya sindano. Anauweka mguu.

Anakanyaga. Gurudumu linarudi nyuma. Uzi unakatika, ta!

Hakuna anayecheka. Kurudisha gurudumu nyuma ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Anatunga uzi upya, anakanyaga, gurudumu linarudi nyuma tena.

"Kiraka hakisikii," anasema kwa sauti ya chini. Daktari alimwonya kwamba ngozi ile itakuwa na ganzi kwa muda, pengine siku zote.

Rangi Mbili ameacha kutafuna kucha. "Mama, acha. Nitavaa na shali."

"Shali? Kwenye gauni langu?"

Anausogeza mguu wa kulia mbele mpaka vidole vinashika ukingo wa kikanyagio. Wa kushoto anauweka nyuma yake kidogo. Anafumba macho. Vidole vinasukuma, gurudumu linasita, linakubali. Taka-taka-taka. Mkono wa gauni unapita chini ya sindano umenyooka kama umechorwa, na kibanda kinalipuka kwa vifijo. Mtu anapiga meza, vifungo vinamwagika.

"Vidole vinasikia!" Mama Pindo anapaza sauti. "Jamani, vidole vinasikia!"

Ana mpango, na ameshauanza. Kwenye kona ya kujaribia nguo, iliyofichwa kwa pazia, kipo kioo kirefu cha siku zote. Sasa kimeongezwa kingine kidogo, kimeegemezwa sakafuni kwa mshazari. Wateja wanauliza cha nini huko chini. Wanajibiwa wakae kwenye kigoda, wanyanyue nyayo, wajitazame. Anataka kila fundi anayeshona peku awe na chake, na ameanza kuwazungukia vibandani. Yeye mwenyewe anarudi kliniki kila baada ya miezi mitatu, na anasema hataruka hata mara moja.

Mkono umekwisha. Rangi Mbili anajaribu gauni, anatoka nyuma ya pazia, watu wanashika vinywa. Mama Pindo anapiga magoti kupima pindo, pini mdomoni, halafu anasimamisha mkono.

"Wewe uliyeuona wayo wangu, wako nani kauona?"

Binti anakodoa macho. Nyayo za mtaa mzima ameshika, zake hajawahi kuzitazama.

"Kaa hapo."

Anakaa kwenye kigoda, gauni kalikusanya magotini, kioo mbele yake. Ananyanyua mguu wa kulia. Halafu wa kushoto. Muuza vifungo naye kaingiza kichwa kwenye pazia.

"Safi?" anauliza Mama Pindo.

"Safi."

"Na katikati ya vidole?"

"Safi, mama."

"Haya, simama. Tupinde gauni."