Jina Alilolikimbilia Somoe

Somoe alikuwa ameshazika watoto watatu kabla hajafikisha miaka ishirini na sita. Wa tatu alimwita Jalala, maana kwao mtoto anayezaliwa baada ya marehemu hupewa jina baya ili kifo kimwonee kinyaa, kimpite. Wapi! Jalala aliondoka akiwa na meno mawili tu. Somoe akaapa kwamba jina baya hampi mtoto tena, mawifi wanune wapasuke.

Mwaka 1993, akiwa na mimba ya nne, alikuwa akifua nguo kwa Jamna, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa pale Magomeni, Mtwara. Jamna ndiye aliyempa neno, huku akichambua mchele.

“Amrita. Ni Kisanskriti, lugha ya zamani ya vitabu vya dini yetu. Mrita ni aliyekufa. Hiyo a ya mbele inakataa. Asiyekufa. Wanasimulia kwamba miungu waliikoroga bahari mpaka ikatoa kinywaji, na aliyekinywa hakufa. Kinywaji hicho ndicho amrita.”

Miungu na bahari yao Somoe aliwaachia wenyewe. Yeye alishika moja tu: asiyekufa.

Na kweli, Amrita akaota meno yote, akaenda shule. Alipofika miaka kumi, zamu yake ya unyago ikafika. Mwari akitoka ndani hupewa jina jipya, na kumwita la utotoni ni kumtukana mbele za watu. Somoe akamwangukia kungwi, Bi Mwanahamisi.

“Mchezeni, lakini jina mniachie.”

“Mwanao ana nini hata abaki mtoto peke yake?”

Amrita mwenyewe akalia. “Mama, wenzangu wote wanachezwa. Nitachekwa.”

Somoe akakubali. Kosa lake ni hilo, kama kumpenda mtoto ni kosa. Binti akatoka na kanga mpya, anaitwa Asia, na mama akapiga vigelegele.

Siku ya tisa homa ikampanda binti kichwani. Hospitali, siku tatu, Somoe alimwinamia sikioni: Amrita, Amrita. Kungwi, aliyekuja kumjulia hali, akageuza uso kwa aibu. Jamna alipoingia na machungwa, Somoe alimshika mkono.

“Mwite wewe, dada. Neno ni lenu. Pengine mimi nalikosea.”

Jamna akaanza kulia. “Somoe, kwetu ni jina kama majina mengine. Mdogo wangu aliitwa hivyo. Alikufa ana miaka kumi na minne, tukamchoma hapahapa Mtwara.”

“Miaka yote hii ulinificha?”

“Ulikuwa na furaha.”

Somoe alitamani kumpiga. Lakini midomo ya binti ilikuwa ikitikisika, akamwinamia tena.

“Mama, unaniaibisha. Niite Asia.”

Alilipigania lile jina miaka kumi. Akalimeza.

“Asia,” akaita.

“Abee.”

“Asia, mwanangu.”

Mara hii hakuitikiwa.