Aliyapepea Maji Ili Utabiri Wake Utimie

Admin, naomba ufiche jina langu. Hili sijamwambia mtu yeyote: namdharau mvulana ambaye kanisa letu lote linamwona malaika. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne hapa Kitale, na mimi hata salamu naitikia kwa sauti ya chini. Lakini huyu namdharau kabisa.

Ni mtoto wa pasta wetu. Tulisoma darasa moja na tulipendana kwa siri, mpaka shule ilipotutuma sisi wawili Bungoma kwenye mashindano ya sayansi. Unapewa maji ya moto, unayapima dakika chache, halafu unatabiri yatakuwa na joto kiasi gani baada ya nusu saa. Maji hupoa haraka mwanzoni, kisha hupunguza kasi. Yeye akachukua rula, akapiga mstari mnyoofu kwenye grafu, kana kwamba maji hupoa kwa kasi ileile mpaka mwisho. Nikamnong'oneza, "Ukiendelea hivyo, jioni yatakuwa barafu." Akanicheka. "Wewe andika tu, bana. Hesabu niachie mimi."

Nusu saa ilipokaribia kuisha, maji yalikuwa bado moto kuliko alivyotabiri. Mwanaume mzima akainama, akaanza kuyapepea kwa faili! Jaji, mama mmoja mwenye miwani, akamwona.

"Kijana, hayo ni maji ya mashindano ama ni uji wa mtoto?"

Ukumbi ukacheka. Naye bila haya akaninyooshea kidole: "Si ni huyu aliniambia nipepee, madam."

Tukaondolewa. Jumapili akasimama kanisani akasema tulishindwa kwa sababu mwenzake aliogopa. Watu wakamwitikia amina, na mama yangu akiwemo.

Mapenzi yangu yaliishia hapo. Mtu anayeshindwa kukubali kwamba maji bado ni moto, utamheshimu vipi?

Sasa mimi nataka kusomea fizikia chuo kikuu. Juzi alikuja kwetu, akanywa chai vikombe viwili, akamwambia mama, "Fizikia itamlemea huyu, mama. Achague mambo ya hoteli." Ati itanilemea! Mama amekubali, na Ijumaa ndiyo mwisho wa kuchagua kozi. Nikimweleza huyo ni mtu wa aina gani, atauliza kwa nini nilimfichia aibu yake mpaka leo, na siri ya mapenzi yetu itafika kwa pasta.

Nishaurini, nifanye nini? Na kama unasali kwetu na umenitambua, tafadhali nyamaza. Mama asisikie kwako kabla hajasikia kwangu.