Palahala wa Shimba

Mwanatabu alikuwa mtu wa milima ya Shimba aliyeolewa Utange, huko Kisauni, na ukikaa naye dakika tano bila kulijua hilo, basi wewe ni kiziwi. Maji ya Kisauni yana chumvi, mihogo yake haina ladha, hata mvua yake hunyesha kwa uvivu. Mumewe, Bakari, akisikia "kwetu" tu, huvuta kofia machoni akajifanya amelala. Lakini tangu wamzike mama yake, Mwanatabu hakuwa amevuka feri kwenda huko kwao. Alisema hana nafasi.

Kazi yake ilikuwa kukata majani katika bustani ya wanyama. Mwaka wa 1986 aliletwa palahala jike kutoka Shimba, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwa nyuma. Mwanatabu akampa jina Waridi. Alimchagulia majani mororo, akamsimulia habari za mto na za kaburi la mama yake, naye Waridi akitafuna huku akimtazama. Hatimaye Mwanatabu alikuwa na mtu wa kwao.

Miaka mitatu baadaye Waridi aliacha kula. Alizunguka zizi mpaka akachoka, kisha akaegemeza paji la uso kwenye ukuta wa mawe, akawa anausukuma. Ukuta wenyewe ulikuwa upande wa Shimba. Daktari wa wanyama, Kaviha, aliamuru atengwe, na panga la kumkatia majani na karai la kumlishia visitumiwe kwa wanyama wengine.

Mwanatabu alimfuata huku machozi yakimlengalenga.

"Daktari, huyu haumwi. Huyu ataka kwao. Mrudisheni, wallahi atapona."

"Ni ugonjwa wa ubongo, mama, na dawa hakuna. Nikimrudisha, huenda akawaambukiza wenziwe wote kule. Itabidi tumdunge sindano afe bila mateso, kisha tumchome."

"Basi mbona asukuma upande wa kwao tu?"

Kaviha hakumcheka. Alileta kamba, akamgeuza Waridi pole pole mpaka akaelekea ukuta wa pili, ule wa upande wa bahari. Moyoni Mwanatabu alimsihi mnyama ageuke, ageuke hata kidogo tu. Waridi alipiga hatua mbili za kuyumba, akaweka paji lake kwenye mawe, akasukuma kwa bidii ile ile.

Mwanatabu aliutazama ukuta ule.

"Haya, daktari," alisema. "Fanya kazi yako."

Bakari alishangaa kumwona amerudi mapema, na zaidi kumwona akinywa maji bila kuyatukana. Mwanatabu aliketi kwenye mkeka kando yake, na Bakari, akingoja kusikia "kwetu", akavuta kofia machoni kwa mazoea.

"Waridi hakuwa akitaka kwao," Mwanatabu alisema. "Alikuwa mgonjwa tu. Nilikuwa mimi, Bakari. Mimi peke yangu ndiye nitakaye kwetu."

Bakari aliivua kofia.