Utomvu wa Mbungo na Kichupa cha Kensington

Wenzangu mnaosoma hapa huku magoti yanawauma kama yangu, mtakumbuka: enzi zetu hakuna aliyetununulia rangi. Rangi ilikuwa porini au jikoni, ukiitaka unaifuata. Nyekundu ni hina, nyeusi ni masizi ya sufuria, manjano ni bizari ya mama. Na ukiimaliza bizari ya mama kwa kuichezea, rangi ya nne unaipata mgongoni.

Mjukuu wangu Zuhura ana miaka kumi na minne, Mungu amkuze, na hawezi kupamba ukurasa mmoja bila kwenda dukani mara tatu. Ana kitabu kikubwa cha kubandika picha. Kuchomeka picha kwenye albamu ya kawaida ni ushamba. Ya kwake lazima ilazwe kwenye karatasi nene, izungukwe na maua ya rangi za maji, na utepe, na vipepeo vya karatasi, mpaka aliyepigwa picha umtafute kwa tochi.

Juzi karudi na kichupa kutoka duka moja la Kensington, mtaa wa jirani huku ugenini tunakoishi, pale karibu na roboti, taa za barabarani. Ndani mna maji meupe mazito.

"Bibi, hii unapaka pale usipotaka rangi ishike. Ikikauka, unapaka rangi juu. Halafu unabandua, pale panabaki peupe. Umeelewa?"

Alinieleza taratibu, kama mtoto wa chekechea. Nikanusa kichupa. Juu harufu ya dawa ya choo, chini yake utomvu wa mbungo. Ule ule! Wazungu wameutia kwenye chupa, wameubandika karatasi, na mjukuu wangu anakuja kunifundisha mimi.

Kule kwetu Muheza mbungo, mmea wa porini unaotambaa mitini, ulijiotea tu. Tunaukwaruza kwa kisu cha jikoni, tunajipaka utomvu mikononi, unakauka, tunaubandua pamoja na vinyweleo, huku tunapiga kelele kama tunachinjwa. Wavulana waliuviringisha ukawa mipira yao. Sisi wasichana tulikuwa na kazi ya maana zaidi. Ikikaribia Idi tulichora maua kiganjani kwa kijiti na utomvu, tukasiliba hina iliyotwangwa na ndimu, tukakaa na mikono mbele kama watu waliokamatwa na polisi. Ukiosha na kubandua, kiganja chekundu, maua meupe. Hakuna video iliyotufundisha. Mama alisema tu, "Mkichafua mkeka wangu, mtaulamba," na tulijua kwamba hatanii.

Basi Zuhura akatoa picha aliyotaka kuipamba siku hiyo. Dada yangu Mwanaidi, siku ya harusi yake. Dada yangu ni marehemu, na hiyo ndiyo picha yake pekee iliyobaki duniani. Nilikuwa nimempa aitazame, si aipike. Kabla sijafungua mdomo ameshaibandika na kuisiliba yote yale maji, ati isirukiwe na rangi. Kisha akatazama saa. Mgao wa umeme ulikuwa unaanza saa kumi. Akachukua draya ya kukaushia nywele ya mama yake, ambaye ni msusi, na kuielekeza kwenye uso wa dada yangu.

Nilimpokonya kwa nguvu ambazo sikujua kama bado ninazo.

"Eish, Bibi! Nakausha tu!"

"Kakaushe kichwa chako. Utomvu haupelekwi motoni."

"Kwenye video wanafanya!"

"Huyo wa video nilizaliwa naye? Kaa chini."

Akakaa, amevimba. Mimi draya sikuiachia, kwa sababu utomvu na moto navijua. Nilikuwa na miaka kumi, na kwa maua ya kiganjani hakuna aliyenishinda, hata mimi mwenyewe nilisema hivyo. Mwanaidi akataka maua yangu siku moja kabla ya harusi yake. Mvua ikanyesha, utomvu ukagoma kukauka. Basi bingwa nikamshika mkono, nikampeleka jikoni, nikamwekea kiganja juu ya makaa. Utomvu ukaiva, ukashikana na ngozi. Nilipobandua, ngozi nayo ikaja.

Hakulia. Mama alipoingia, Mwanaidi akasema, "Nimeshika kifuniko cha moto." Akatukanwa yeye, bibi harusi mzima: macho yako kwa mume, hata kifuniko hukioni! Mimi nimejibanza nyuma ya pipa la maji. Kesho yake alikaa kwenye harusi amekunja ngumi, na wanawake wakapiga vigelegele: "Tazameni haya hiyo! Hata kiganja hafungui!" Ndivyo alivyopigwa picha.

Kwa hiyo tulingoja. Umeme ukakatika, na Zuhura akahema kama mtu aliyefunga siku tatu. Ilipokauka yenyewe akapaka rangi zake kuizunguka, nazo zilipokauka nikaisogeza dirishani, nikaanza kubandua kwa ncha ya kidole, kuanzia ukingoni, taratibu. Pembe moja iliparuka. Uso ukatoka mzima.

"Bibi, mbona kakunja ngumi?"

Miaka yote jibu la ukoo wetu limekuwa ni haya. Ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Nikamwambia ukweli, mpaka kwenye pipa la maji. Alisikiliza hadi mwisho, jambo la ajabu kwa watoto wa siku hizi, ingawa simu nayo ilikuwa imezimika.

"Kwa hiyo ulimchoma bibi harusi."

"Nilimchoma."

Akachukua kalamu ya dhahabu, akaandika chini ya picha kwa Kiingereza kwamba huyu ni bibi harusi mwenye haya.

"Si nimekwambia ukweli?"

"Najua, Bibi. Lakini hii inapendeza zaidi kwenye ukurasa."

Enzi zetu mtu alidanganya ili mdogo wake asichapwe. Sasa wanadanganya ili maua yakae vizuri. Sikumfutisha. Lakini Mwanaidi mwenye haya! Mwanamke aliyemkimbiza karani wa ushuru sokoni kwa mwiko, mbele ya mashehe! Angeyaona maandishi hayo, tungecheka wawili mpaka tukae chini. Nikacheka peke yangu, na Zuhura akainua uso kuniuliza nacheka nini.